Aliyenyimwa Pilau

Kicheko hakina adabu. Unaweza kukibana kwa meno, ukakifunika kwa mtandio, ukakiomba kwa jina la Mungu kisitoke, nacho kikatoka papo hapo pasipotakiwa, mbele ya wale wale usiotaka wakisikie. Mahira binti Badi alilijua hilo tangu madrasa, alipomcheka mwalimu aliyevaa kandambili mbili za mguu mmoja, akala viboko vyake akaenda kwao. Alichokuwa hajakijua ni kwamba siku moja kicheko hicho hicho kingetaka kumnyima mume.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri, katika ukumbi wa kukodi pale Kilifi mjini. Walikuwa wametoka Malindi watatu: Mahira mwenyewe, babake Mzee Badi, na shangazi yake Mwanatumu, aliyemlea tangu mamake alipofariki. Hawakuja kutembea. Walikuja kumpima mtu.

Mtu huyo aliitwa Seif Ngumbao, kijana wa Kibarani, na hakuwa ameketi nao. Alikuwa safu ya mbele kabisa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama, kwa sababu filamu iliyokuwa ikionyeshwa siku hiyo yeye ndiye aliyeiandika. Wiki iliyotangulia, mjomba wake, Mzee Tsuma, alikuwa amefika kwa Mzee Badi kuleta posa. Mzee Badi hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema hivi: "Mimi kijana simjui. Naambiwa kazi yake ni kuandika watu wakichinjwa. Basi nitaitazama kazi yake kwanza, kisha nitatoa jawabu."

"Jawabu gani la kungojewa?" Shangazi Mwanatumu alisema mgeni alipoondoka. "Mwandika damu, tena wa Kibarani, tena watu wake hatuwajui. Kaka, mambo mengine hayataki kutazamwa, yataka kukataliwa tu."

Mahira yeye alifurahi mpaka usingizi ukamruka. Seif apimwe kwa ukoo, angeshindwa. Apimwe kwa mali, ndiyo kabisa. Lakini apimwe kwa kazi yake? Hapo Mahira hakuwa na wasiwasi hata chembe, maana yeye alikuwa ameipenda kazi ya Seif kabla ya kumpenda Seif.

Filamu ya kwanza iliitwa Hodi ya Tatu, na iliwatia watu wa pwani kiwewe. Muuaji wake aliitwa Mgeni. Hakuvunja mlango, hakuruka ua. Alisimama nje, akapiga hodi kwa sauti ya upole, na hakuwa na uwezo wa kuingia mpaka mwenye nyumba aseme karibu. Basi sisi watu wa pwani tutafanyaje? Mtu apige hodi mlangoni kwako nawe umwache nje kama mbuzi? Watu wa ile filamu walikufa kwa adabu zao, mmoja baada ya mwingine, wakisema karibu. Aliyepona ni bibi mmoja tu, aliyesikia hodi ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akakaa kitandani amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili mpaka kukapambazuka. Baada ya filamu ile, Malindi nzima watu waliacha kuitika. Ukipiga hodi unaulizwa, "Wa nani wewe?" na sauti inatetemeka.

Ndipo siku moja Seif akaingia katika duka la dawa alikofanya kazi Mahira, akitafuta dawa ya kikohozi cha mamake. Alipotaja jina lake, Mahira aliiweka chupa chini.

"Wewe ndiye uliyenifanya nisimfungulie jirani yangu wiki nzima?"

"Jirani yako alitaka nini?"

"Chumvi."

"Basi niombee radhi kwake," Seif akasema, akatabasamu, na Mahira akamrudishia chenji iliyozidi. Mambo yakaanzia hapo.

Hiyo ndiyo kalamu aliyomletea babake aitazame. Safari nzima ya kutoka Malindi alikuwa akimsifia. "Utaona, Baba. Si mtu wa damu tu. Ana akili. Anatujua tulivyo." Mzee Badi alitikisa kichwa tu, akitazama nje.

Taa za ukumbi zikazimwa.

"Hii inaitwaje?" Shangazi Mwanatumu aliuliza.

"Hodi ya Tatu, Sehemu ya Pili."

"Ya tatu, ya pili. Na ya kwanza iko wapi?"

"Ya kwanza ndiyo hiyo ya Tatu, shangazi."

"Hesabu gani hizo?"

"Nyamaza tutazame, Mwanatumu," alisema Mzee Badi.

Wakatazama. Na haukupita muda mrefu Mahira akaanza kujisogezasogeza kitini. Kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba msichana anasuka nywele, na nje kivuli cha Mgeni. Ukumbi mzima ulishika pumzi kungoja hodi. Watu walikuwa wameshajiziba midomo kama yule bibi. Mgeni akaja, akasimama mlangoni, akautazama mlango, kisha akaenda akaruka dirishani. Panga likapanda, panga likashuka, msichana akafa na kitana mkononi.

"Hakupiga hodi," Mzee Badi alisema polepole.

"Labda atapiga mbele, Baba."

Hakupiga. Akaingia nyumba ya pili kwa kutoboa makuti, na ya tatu hata haikujulikana aliingilia wapi, alionekana tu yuko kabatini. Kisha akatokea sajenti wa polisi, mzima, anakunywa chai.

"Huyu si alitumbukia kisimani?" akauliza Mzee Badi.

Mahira aligeuka kumtazama. "Baba, ya kisima umeyajua wapi? Si ulisema filamu ya kwanza hukuiona?"

Mzee Badi alikohoa. "Tazama mbele."

Na yule bibi mwerevu, aliyemshinda Mgeni kwa kunyamaza? Safari hii alimwona uani kwa macho yake, mlango wa barabarani uko wazi nyuma yake, watu wanapita, soko linanguruma. Bibi akapanda ghorofani kutafuta miwani. Mtu mmoja nyuma akapiga ukelele, "Bibi, toka nje," na mwingine akamjibu, "Mwache, amechoka na maisha." Mahira alishusha mtandio karibu na macho. Alikuwa akimwonea Seif aibu, na aibu ya kumwonea mtu unayempenda ni mbaya kuliko yako mwenyewe, maana yako unaweza kuikimbia. Kule mbele aliiona shingo ya Seif, imekaza, haijageuka hata mara moja.

Alijiambia moyoni, subiri. Mwisho utakuwa mzuri. Seif anajua kumaliza.

Mwisho ukafika. Mgeni amewakusanya watu wa nyumba nzima sebuleni, wanalia, na muziki wa kusikitisha unapigwa, fidla tupu. Akavua kitambaa alichojifunika usoni. Machozi yakamtiririka. "Mnataka kujua kwa nini naua?" akauliza. Ukumbi ukawa kimya. Hata watoto waliacha kutafuna njugu.

"Kwa sababu," akasema Mgeni, na sauti ikamkatika, "nilipokuwa mdogo, katika harusi ya nyumba hii, nilinyimwa pilau."

Ndipo kilipomtoka.

Hakikuwa kicheko kidogo. Kilipasuka kutoka tumboni, kikapanda, kikalia mara tatu katika ukumbi ule uliokuwa kimya kama msikiti. Mahira alijiziba kwa mtandio, kikatokea puani. Na kama kwamba watu walikuwa wakingoja ruhusa tu, ukumbi mzima ukaangua. Watu walipiga viti. "Mpeni sahani yake," mmoja akasema. "Mchanganyie na kachumbari," akadakia mwingine. Shangazi Mwanatumu, ambaye hakuwa amecheka mwaka mzima, alikuwa akijifuta machozi. Mzee Badi peke yake hakucheka.

Kule mbele Seif aligeuka. Hakutazama ukumbi. Alimtazama Mahira moja kwa moja, maana kicheko chake alikijua, alikuwa akikisikia kila siku kwenye simu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoijua, akageuka kwa furaha, akakuta anatukanwa. Kisha akageukia mbele tena.

Kicheko kikamkauka Mahira pale pale. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kiti chake.

*

Nje, uani, watu walitoka wakiigiza. "Nilinyimwa pilau," waliimba, wakishikana mabega. Seif alikuja kuwasalimu wageni wake, na mtu anayekuja kusalimu katika hali ile ama hana haya ama ana moyo. Mahira aliinamisha kichwa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu Mzee Badi. Shangazi akajibu puani.

"Mmetoka mbali. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Kijana, mimi nitasema nawe wazi. Ile filamu yako ya kwanza niliiona. Niliiona kwenye simu ya binti yangu akiwa kazini, tena si mara moja. Sikumwambia mtu."

Shangazi Mwanatumu alimtazama kakake kama ambaye amemwona anakula mchana wa Ramadhani.

"Asante, mzee," akasema Seif.

"Usishukuru. Ile ya kwanza ilinitia hofu, kwa sababu yule muuaji alikuwa na adabu. Alikuwa mtu wa kwetu. Huyu wa leo anaingia kwa dirisha kama mwizi wa sufuria. Hodi umeipeleka wapi?"

Seif alisugua kiganja. "Waliotoa pesa walisema hodi inachelewesha mambo. Walisema watazamaji wa siku hizi hawana subira, wanataka damu mapema."

"Na wewe ulionaje?"

"Niliona si sawa."

"Ukawaambia?"

"Sikuwaambia, mzee. Niliogopa wataitoa kazi kwa mtu mwingine."

"Na hayo ya pilau? Hayo nayo walikwambia wao?"

Mahira aliinua macho, akaona masikio ya Seif yamebadilika rangi.

"La. Hayo ni yangu mwenyewe."

"Basi ndiyo mabaya kuliko yote," akasema Mzee Badi, bila ukali, kama mtu anayesoma bei. "Haya. Nakwenda kuwahi magharibi. Mwanatumu, ningojeeni garini."

Shangazi alikwenda garini, akaingia, akateremsha kioo ili asikie. Lakini mama mmoja wa viazi karai alikuwa amepanga biashara yake kati ya gari na ukuta, mafuta yanachacharika, na Shangazi hakusikia kitu. Mahira na Seif walibaki wamesimama hatua chache kutoka kwenye karai lile.

"Seif."

"Ulicheka vizuri," akasema Seif. "Nilisikia wewe ndiye wa kwanza."

"Nisamehe."

"Unisamehe mimi. Imekuwa mbaya, sivyo?"

Angeweza kumdanganya. Wengine wangemdanganya, wakamwambia watu hawakuelewa, sauti ilikuwa mbovu, ukumbi ulikuwa na joto. Mahira alimtazama akashindwa. "Mbaya," akasema. "Sikuamini kama ni wewe. Nilikuwa nikikutafuta mle ndani muda wote, sikukuona."

"Mahali pamoja nilikuwemo."

"Wapi?"

Seif alitazama pembeni, kwenye kile kikundi cha vijana waliokuwa bado wanaimba. "Kwenye pilau."

Mahira hakuelewa.

"Mamangu alikuwa akiosha vyombo maharusini," akasema Seif. "Wakimwita Malindi, Mambrui, popote. Siku moja akanichukua. Nilikuwa mdogo, sijaingia shule. Wanaume wameketi uani, sinia zinashushwa, na mzee mmoja mwenye birika anapita akinawisha watu mikono. Nikaona sinia moja ina nafasi. Nikakaa. Yule mzee akanimiminia maji, nikanawa, nikangoja. Kisha akaja mtu akaniuliza, wewe wa nani? Nikamwambia, wa yule mama anayeosha vyombo. Akanishika mkono akaninyanyua. Hakunipiga. Alisema, 'Nenda kwa mamako, mtoto, mtapewa baadaye.' Wote pale kwenye sinia walikuwa wakinitazama, na mimi mikono yangu imelowa, inadondoka maji. Sikujua niifute wapi."

Mafuta ya karai yalilia.

"Harusi ya nani?" Mahira akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Nyumba zenu zote zinafanana usiku zikiwashwa taa. Sikutaka kujua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Utaanzaje kumwambia mtu unayemposa kwamba ulinyanyuliwa kwenye sinia ya watu wao?"

"Na mbona hukuandika mikono?" Mahira alisema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Seif, ungeandika mikono. Mtoto ameshanawa, ameketi anangoja, mikono inadondoka maji. Asingecheka mtu. Mimi ningelia mpaka Malindi. Wewe umeweka fidla, ukaandika alinyimwa pilau."

Seif alimtazama sana. "Niliandika mikono," akasema. "Kisha nikafuta. Niliona haya. Nilidhani nikisema pilau tu, kwa mkato, hakuna atakayejua ni mimi."

Hapo ndipo Mahira alipotakiwa kusema neno. Lolote. Alitaka kumwambia kwamba anampenda zaidi sasa kuliko asubuhi, kwamba shati lake limekunjamana mgongoni na anataka kulinyoosha kwa mkono wake. Lakini kila alipofungua mdomo alikisikia kile kicheko chake kikilia katika ukumbi ule, mara tatu, juu ya kichwa cha mtoto aliyelowa mikono. Alifunga mdomo. Mzee Badi akarudi kutoka msikitini, na Seif akasema, "Kwaherini, Mungu awafikishe salama," akaenda zake.

*

Asubuhi ya Jumapili, Malindi, mahamri yalikuwa mezani na mbaazi zinafuka moshi, na Mahira hakula. Mzee Badi alikunywa chai yake mpaka mwisho, akageuza kikombe, akasema:

"Mahira, jana nilitazama nilichoahidi kutazama. Huyu kijana si mwongo. Nilimuuliza, akanijibu kweli. Lakini alikuwa na kitu kizuri mkononi, watu wakamwambia kitupe, akakitupa huku anajua. Mtu wa namna hiyo, siku akiambiwa kwamba mke anamchelewesha, atafanyaje? Naona nimwambie Mzee Tsuma kwamba hatukuandikiwa. Wewe wasemaje?"

Hapa lazima nikukumbushe ada ya nyumba zetu, hata kama unaijua. Binti akiulizwa na babake juu ya mambo ya ndoa, hasemi. Asemaye ni yule anayekataa. Aliyeridhia huinamisha kichwa, akachezea pindo la leso, na kimya chake ndicho idhini. Ndivyo walivyoolewa mama zetu, kwa kunyamaza.

Mahira alikuwa akipiga hesabu yake kichwani, na hesabu haikuwa ya kumkataa Seif wala ya kumkubali. Alikuwa akijiuliza: kwa uso gani? Kwa uso gani nitamwombea mtu niliyemcheka mbele ya mji mzima? Nimwambie Baba ana moyo mzuri, aniulize mbona ulicheka wa kwanza? Na neno moja tu la ile sinia lingeweza kumlainisha Mzee Badi, alijua, babake alikuwa na huruma ya karibu. Lakini neno hilo halikuwa lake. Seif alilificha hata ndani ya filamu yake mwenyewe, yeye alitoe mezani pamoja na mbaazi? Hakuliweza. Akainamisha kichwa. Akashika pindo la leso.

"Basi," akasema Mzee Badi. "Umeridhia. Nami nilidhani utanisumbua."

"Alhamdulillahi," akasema Shangazi Mwanatumu, na kumwongezea Mahira hamri ambalo hakuliomba. "Kula, mwanangu. Na wa kheri watakuja."

Mzee Badi alichukua simu yake akatoka barazani. Mahira alibaki ameshika leso, na ilimchukua muda kutambua kilichotokea. Alikuwa ameulizwa, na alikuwa amejibu. Ameridhia jambo asilolitaka, kwa kinywa kilichofungwa, na sasa babake alikuwa nje akibonyeza namba.

"Asalaam aleikum, Bwana Tsuma," sauti ya Mzee Badi iliingia kupitia dirishani, kubwa, kama kawaida ya wazee wanaodhani simu ni bomba. "Umeamkaje? Alhamdulillahi. Na nyumba? Na wazee? Na miguu, ile miguu yako inaendeleaje?"

Asifiwe aliyetupa watu wa pwani salamu ndefu. Mzee Badi hakuwahi kumwambia mtu habari mbaya kabla ya kumaliza watu wa nyumbani kwake wote, na mifugo, na mvua. Mahira aliisikia miguu ya Mzee Tsuma ikielezwa, mmoja baada ya mwingine. Akasikia wajukuu. Akasikia mbuzi mmoja aliyezaa pacha.

"Mashallah. Na huko Kibarani mvua mmeipata?"

Baada ya mvua hakuna salamu nyingine. Mahira aliinuka. Kiti kilianguka nyuma yake.

"We Mahira, unakwenda wapi?" akauliza Shangazi.

"Barazani."

"Barazani babako anazungumza na wanaume wenzake."

Hakusimama. Alitoka kama alivyo, leso ya jikoni kiunoni, unga wa mahamri kwenye kiwiko, mpaka kule nje ambako watu wa mtaa walikuwa wakipita kwenda sokoni, na Mzee Badi amekaa na simu sikioni anasema, "Sasa, Bwana Tsuma, kuhusu lile jambo letu."

"Baba, sikuridhia."

Mzee Badi aliinua macho. "Nini?"

"Sikunyamaza kwa kuridhia. Nilinyamaza kwa aibu. Nilimcheka mtu mbele za watu, nikaona sina uso wa kumtaka. Lakini namtaka."

Shangazi Mwanatumu alikuwa amefika mlangoni nyuma yake. "Lahaula. Mtoto wa kike anasema mwenyewe namtaka, tena njiani watu wanapita. Mahira, ingia ndani. Unatuweka wapi sisi?"

"Shangazi, aibu hii nitaizoea. Ile ya jana nikinyamaza nitazeeka nayo."

"Halo?" ilisikika sauti nyembamba kutoka kwenye simu. "Bwana Badi? Kuna nini huko?"

Mzee Badi hakuijibu. Alikuwa akimtazama binti yake kama alivyotazama skrini jana, akingoja kuona kama mambo yatakuwa na mantiki. "Filamu yake nzuri?" akauliza.

"Mbaya, Baba."

"Sana?"

"Sana. Niliicheka, na nilicheka kweli. Ataandika nyingine. Ikiwa mbaya nitamwambia mimi, nyumbani, kabla haijatoka mlangoni."

"Na wakimwambia akitupe kilicho kizuri?"

"Nitamuuliza mbele yako kwa nini amekitupa, kama ulivyomuuliza wewe. Jana alikujibu."

Jirani mmoja aliyekuwa akipita na kikapu alipunguza mwendo, akajifanya anafunga kiatu, na alikuwa amevaa ndala. Shangazi Mwanatumu alijifunika uso kwa leso, akaacha jicho moja.

Kisha Mzee Badi aliitoa simu sikioni. Aliisogeza mbali, akaikaribisha, akatafuta kile kitufe cha sauti kubwa ambacho hukikosea kila siku, safari hii akakipata. Pumzi za watu wa Kibarani zikasikika pale barazani, zaidi ya za mtu mmoja, na mmoja wao alikuwa akipumua kama aliyepanda mlima. Mahira alijua ni nani.

Mzee Badi alimnyooshea ile simu.

"Sema tena," akamwambia. "Sema kwa sauti. Huko Kibarani simu hazisikiki vizuri."

"Baba."

"Mimi nilikuuliza ukanyamaza, nikakosea. Sitaki kukosea mara ya pili. Sema."

Uso wa Mahira ulikuwa ukiwaka moto. Yule jirani wa ndala alikuwa ameacha hata kujifanya. Mahira aliishika simu kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Namtaka Seif Ngumbao," akasema, na nyumba ya tatu walisikia.